Kijiko Kinachoitika

Malindi, 3 Juni 1987

Kwa mpwa wangu Kuluthumu binti Aboud, muuguzi, Tezo

Assalaam alaykum.

Mwitiko, kwa maana ninayoikusudia mimi, ni mtikisiko wa sehemu moja ya picha unaoanza pale picha hiyo inapofika mbele ya mtazamaji, si kabla yake. Tena unaanzishwa na kule kufika kwenyewe, si na mkono wa mtu. Nimetanguliza maana kabla ya salamu za nyumbani kwa kuwa mamako ameshautangazia mtaa mzima kwamba kakake amestaafu ualimu ili achonge vinyago. Shekha ni dada yangu na simjibu. Wewe nakujibu kabla hujauliza.

Uliniandikia mwezi wa Machi kwamba mvua zikianza watoto wa huko huharisha hadi wakakauka, na kwamba dawa imo jikoni mwa kila mama: maji, sukari na chumvi. Ulisema umewaeleza kwa mdomo, wakaitikia kwa adabu, wakarudi makwao wakachanganya wapendavyo. Sanduku hili ndilo jibu langu.

Ndani yake mna gombo la kitambaa cha marekani lililoviringwa kwenye vijiti viwili, kimoja chini na kimoja juu. Ukizungusha kishikio, gombo hupanda, na picha hujitokeza dirishani moja baada ya moja: mama ananawa, anachemsha maji, anayapima, anatia sukari, anatia chumvi, anakoroga, anaonja, anamnywesha mtoto. Mikono ya mama huyu ni ya kadibodi, imeshonewa begani ili icheze. Ukingoni mwa gombo nimeshona vifungo vya shati. Picha ikifika katikati ya dirisha, kifungo chake hugusa kidole cha bati nilichokificha ubavuni. Kidole huvuta uzi. Mkono huinuka ukafanya kazi yake, kisha ukashuka. Kabla ya hapo umetulia. Jicho likifika, kazi inaanza.

Vipimo ni vyako, sikubadili hata chembe: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Lita nimeichora kwa chupa tatu za soda na kidogo juu yake. Najua kwamba vituo vingine hupimia chupa mbili za bia. Mimi sikuchora chupa ya bia, na sitaichora.

Nililijaribu nyumbani katikati ya Ramadhani, baada ya Alasiri, mbele ya majirani zangu, Bi Nana, Bi Harusi na wenzao. Walilifahamu bila maelezo. Picha ya kuonja ndiyo pekee isiyo na kifungo. Ina sababu yake, nayo ni njema, usiongeze kitu.

Mwambie mhudumu wenu, huyo Kambi, azungushe polepole, wala asilipake mafuta ya nazi. Sanduku la pili, pacha wa hili, naliandaa kwa ajili ya kituo cha Jilore.

Wasalaam,
Mjomba wako,
Abdulghani Msellem

&nbsp;

Tezo, 12 Juni 1987

Mjomba, shikamoo.

Sanduku limefika zima, na sifa zako zimefika mbali kuliko sanduku. Siku ya kwanza walikuja kina mama wa kliniki peke yao. Siku ya pili walikuja na mama zao. Jana alikuja mzee mmoja asiye na mtoto wala mjukuu mgonjwa, akaniambia amekuja "kumwona yule mama".

Yule mama ni wa picha ya chumvi. Sijui ulikuwa ukimfikiria nani, lakini kiwiko ulichompa ni cha Bi Harusi mtupu: kinapanda juu, kinasita kidogo kama mwenye kununa, kisha kijiko kinadidimia chumvini. Ukumbi mzima unaangua kicheko.

"Kambi, rudisha! Huyo hajatosheka!"

"Rudisha, baba, chumvi ya leo ni ya karamu!"

Na Kambi anarudisha. Gombo likishuka, kiwiko kinapanda. Likipanda tena, kiwiko kinapanda. Nikimwambia asonge mbele ananijibu, "Daktari, watu wameomba," kisha anawainamia kama mwimbaji wa taarabu aliyetunzwa. Tukifika kwenye kuonja, nusu ya watu wanajifuta machozi na nusu wanafunga watoto migongoni waende zao. Nikiwauliza wameona nini, wananijibu kwa pamoja: "Tumemwona mama akichota!"

Mmoja tu ndiye huuliza maswali ya maana. Anaitwa Mbodze, mke wa Kahonzi, na hukaa mbele kabisa na mwanawe Dena mapajani. Ameniuliza afanyeje kupima maji, kwa kuwa nyumbani kwake chupa za soda hakuna, ila za bia, kwa bidii ya mumewe, ziko tele. Nimemwambia mbili zatosha. Utanisamehe.

Mjomba, nakuuliza kwa heshima: haiwezekani baadhi ya picha hizi zikatulia? Kila kinachofika kinacheza. Mwisho wake watu wanangoja kuchezewa, hawangoji kufunzwa.

Mamangu ameniandikia. Anasema kinyago kinalipa.

Mpwa wako,
Kuluthumu

&nbsp;

Malindi, 17 Juni 1987

Kuluthumu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa subira zaidi ya ya kwanza.

Kicheko si dalili ya kutofahamu. Nimesomesha miaka mingi vya kutosha kujua kwamba darasa lililokaa kimya mno ndilo lililolala. Umeniuliza kama baadhi ya picha zaweza kutulizwa. Zaweza, kifungo hukatwa kwa wembe. Lakini ulichokiomba mwezi wa Machi ni kitu ambacho mama hatakisahau, na sasa umekipata unanilalamikia kwamba hawakisahau.

Ama hilo la gombo kurudishwa, ulijue asili yake. Sanduku lako, nilipolijaribu Ramadhani, lilikuwa na kizuizi: kidole kiliitika gombo likipanda tu, tena mara moja, na likirudi hakikuitika. Siku hiyo Bi Nana alichelewa. Aliomba arudishiwe picha, na mama wa picha alipokataa kuinua mkono, Bi Nana alisema, "Abdulghani, umelivunja," na wote wakaafikiana naye, wakaanza kunipa pole. Nilipofikiri baadaye niliona ana haki kuliko mimi. Mwitiko unaotokea mara moja tu ni dhuluma kwa aliyechelewa. Nikakiondoa kizuizi. Kwa hivyo kiwiko kinachopanda gombo likienda na likirudi si kasoro ya fundi. Ni uamuzi wa mtu aliyefikiri.

Mwenye kuhitaji kizuizi ni Kambi.

La chupa nimeliona.

Sanduku la Jilore litaondoka Jumamosi ya tarehe ishirini na saba.

Mjomba wako,
Abdulghani

&nbsp;

Tezo, 24 Juni 1987

Mjomba, shikamoo.

Sina nafasi ya kuandika mengi. Siku hizi nashinda na kulala hospitali, namwuguza mtoto wa mtu.

Naomba jambo moja. Kidole cha picha ya chumvi kingetazamwa upya. Nawe ukiweza, sanduku la Jilore usilipeleke kwanza. Si lazima. Lakini ukiweza.

Kuluthumu

&nbsp;

Malindi, 29 Juni 1987

Kuluthumu,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Sanduku liliondoka juzi. Lipo Jilore.

Sasa niruhusu nikueleze namna ombi linavyoandikwa. Ombi huwa na kinachoombwa, na huwa na sababu. Wewe umenipa la kwanza, ukaninyima la pili, kisha ukaniwekea "si lazima" kama mtu anayeweka kitambaa juu ya sahani ili asionekane ana njaa. Kidole cha picha ya chumvi kitazamwe upya: kimepinda? Kimekatika? Kina kutu? Au ni yale yale ya kicheko, umeyarudia kwa sauti ya chini?

Nashuku ni yale yale. Nashuku pia kwamba mamako amekwambia mjomba wako amekuwa mtu wa kuhurumiwa, asiambiwe ukweli kwa mkupuo. Kama ni hivyo, mmekosea nyote wawili. Wewe si Bi Nana, wala sikuombi unipe pole. Nikiambiwa kitu kimeharibika hutaka kujua wapi.

Nangoja sababu.

Abdulghani

&nbsp;

Tezo, 2 Julai 1987

Mjomba, shikamoo.

Wataka sababu. Sababu inaitwa Dena.

Jumatano ya tarehe kumi na saba, siku ile ile uliyokuwa ukiniandikia kuhusu dhuluma kwa aliyechelewa, Mbodze aliletwa hapa na mama mkwe wake, mtoto yuko begani. Ameharisha siku mbili. Hilo si geni. Lakini huyu alikuwa anaungua, hatulii, anaukodolea macho ukuta, na kila akinyweshwa anadai zaidi, na kila akinywa anazidi. Mbodze alikuwa na kikombe mkononi. Hakutupa hata tone, ameshika alichofunzwa. Nikaonja.

Mjomba, nilitema. Mimi ni mtu wa pwani, nimekunywa maji ya bahari utotoni nikijifunza kuogelea, nami nilitema.

"Mbodze, chumvi umetia kiasi gani?"

"Kama yule mama."

"Yule mama ametia nusu kijiko."

"Nusu kijiko, mara nne." Akanionyesha kwa kiwiko, vile vile, kinapanda, kinasita, kinashuka. "Nilihesabu, Daktari. Wenzangu walikuwa wakicheka, mimi nilihesabu. Kosa langu liko wapi?"

Siku aliyokaa yeye, Kambi alikuwa amerudisha gombo, akalipandisha, akalirudisha tena, kisha akalipitisha mbio, kidole kisiwahi kudaka kifungo. Mbodze aliona mkono ukichota mara nne, akachota mara nne. Sukari aliitia sawasawa, vijiko sita, kwa kuwa sukari uliichora vijiko vyake sita vikiwa vimejipanga mezani, akahesabu vijiko. Chumvi uliichora mkono, akahesabu mkono. Katika kituo kizima mwanafunzi wako alikuwa mmoja, na huyo ndiye tuliyekaribia kumwulia mtoto.

Tulikimbia naye hospitali. Yuko hai, alhamdulillahi. Leo amekula uji, akamtemea Kambi shati, na Kambi amekataa kulifua.

Ya pili ni hii. Nilipomwuliza Mbodze, "Hukuonja?", alinitazama kama niliyemzulia. "Kuonja kulikuwepo?" Nikalirudisha gombo peke yangu nikaitazama picha yako ya saba. Mama amekaa, kijiko kiko karibu na mdomo, na chini umeandika kwa mwandiko wako mzuri: *isizidi chumvi ya machozi*. Wengi wao hawasomi. Na katika picha nane, saba zinacheza, moja imetulia. Ile iliyotulia, Mjomba, hakuna aliyeiona. Ile ndiyo ingemwokoa Dena.

Nilikuficha kwa adabu. Niliogopa kukuvunja moyo kwa barua, nikangoja nipate siku ya kuja nikueleze ana kwa ana. Adabu yangu imelipeleka sanduku Jilore. Hilo ni langu, nalo linaniuma zaidi ya maneno yako ya kitambaa na sahani.

Tatu, na ndilo linalonikosesha usingizi. Mama mkwe wa Mbodze, ambaye wote hapa humwita Hawe kwa kuwa ni bibi wa watu wengi, ameyamwaga maji hayo mlangoni pa kituo mbele ya kliniki nzima, akasema, "Maji ya sanduku hayatampita mjukuu wangu kooni tena." Tangu siku hiyo hakuna mama anayechanganya. Mvua haijakwisha. Wiki hii nimeletewa watoto watatu waliokauka, na kila mama niliyemwuliza kwa nini hakumnywesha amenijibu neno moja: chumvi.

Sikuombi sasa. Nakwambia. Kalitoe sanduku Jilore.

Na unieleze kwa nini kuonja kulitulizwa. Ulisema kuna sababu njema.

Kuluthumu

&nbsp;

Malindi, 9 Julai 1987

Kuluthumu,

Niliipokea barua yako Jumamosi. Jumapili alfajiri nilikuwa njiani. Daraja dogo kabla ya Jilore lilikuwa limefunikwa na maji, nikavuka nikiwa nimekunja suruali, kitu ambacho mamako hahitaji kukijua.

Nilimkuta mwenyekiti wa kamati ya afya, Bwana Tsuma, ameketi nje ya kituo. Nikamwuliza sanduku limeonyeshwa kwa mama wangapi. Akashtuka.

"Limeonyeshwaje, Mwalimu? Halijafunguliwa. Tumelifungia stoo. Tunangoja mgeni rasmi aje akate utepe."

"Mgeni gani?"

"Hatujampata bado. Tumeandika barua tatu."

"Nifungulie stoo."

"Haiwezekani. Sanduku halifunguliwi bila mgeni rasmi."

"Bwana Tsuma, mimi ndiye niliyelitengeneza."

"Basi wewe ni fundi," akasema kwa upole mkubwa. "Fundi si mgeni."

Maisha yangu yote nimewadharau watu wa tepe na mikasi. Watoto wa Jilore wamesalimika kwa sababu ya utepe ambao haujanunuliwa. Nimeliandika hili ili lisipotee, si kwa kuwa nalifurahia. Nilikaa naye hadi Adhuhuri. Hatimaye alinifungulia kwa sharti kwamba nikilirudisha, nirudi nikiwa mgeni.

Uliuliza sababu. Nitaieleza kama ilivyo.

Nilipolijaribu sanduku ilikuwa Ramadhani, saa za mchana, na wanawake waliokaa barazani kwangu walikuwa wamefunga. Picha ya kuonja wakati huo ilikuwa na kifungo. Mama alipeleka kijiko mdomoni, akaramba. Bi Harusi akageuza uso. Akavuta ukaya wake hadi usoni. Nikajiona nimekula mbele ya wenye swaumu. Usiku ule nikakata kifungo kwa wembe, nikasema nitakirudisha baada ya Idi. Baada ya Idi nilifunga siku sita za mwezi wa Shawwal, na sikukikumbuka. Au nilikikumbuka nikaona kwamba picha moja iliyotulia inapendeza kati ya zile saba. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili. Nimejaribu kujua.

Tena, kwa kuwa tulikuwa tumefunga, hakuna hata mmoja aliyeonja mchanganyiko wenyewe. Nililijaribu jambo la kinywa mbele ya watu waliofunga vinywa, nikakuandikia kwamba wamelifahamu.

Sasa nifikiri nawe, kwa kuwa huzuni haishoni kifungo. Niliweka maana ya mwitiko kwa usahihi, na usahihi ule ulikuwa na tundu. Nilisema unaanza picha inapofika mbele ya mtazamaji. Picha ilifika, mtazamaji je? Bi Nana alifika amechelewa, Mbodze alifika na kubaki, wengine hawakufika kabisa. Kidole cha bati kinajua picha iko wapi. Hakijui jicho liko wapi.

Kutokana na hayo napata kanuni moja. Kitu kiruhusiwe kucheza iwapo tu kucheza kwake mara mia hakuongezi wala hakupunguzi maana. Kuchota mara nne ni kuchota kwingine. Kuonja mara nne ni kuonja kule kule, wala hakumdhuru mtu. Kwa hivyo nimekata vifungo vyote saba, na nimeshona kimoja tu: cha kuonja. Mama ataonja, na uso wake utakunjamana. Uso nimeukata vipande viwili ili ukunjamane barabara. Kambi arudishe mpaka mkono umfe ganzi.

Nakuja Tezo Jumanne na masanduku yote mawili. Sitaki kujulishwa kwa watu.

Mjomba wako,
Abdulghani

&nbsp;

Tezo, 23 Julai 1987

Mjomba, shikamoo.

Uliondoka bila kunywa hata chai. Nilipogeuka kukutafuta, kiti chako kilikuwa kitupu, nacho kilikuwa kimeielekea hadhira, si sanduku. Kambi aliniuliza, "Yule mzee alikuja kututazama sisi?" Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo anachana nywele kabla ya kuzungusha kishikio.

Uliyoyaona uliyaona. Walikuja wachache. Gombo lilipopanda na mikono imetulia, mmoja alisema kwa sauti, "Ah, amekufa huyu." Lakini mama alipoonja, uso ukamkunjamana, kicheko kilikuwa kile kile cha zamani, na Kambi akarudisha, na safari hii sikumkataza. Walitoka nje wakikunja nyuso. Wamelibeba hilo hadi majumbani.

Yaliyotokea baada yako hukuyaona. Jumatatu hii Dena aliharisha tena. Mbodze hakuja kwangu. Alichanganya nyumbani, Hawe amemsimamia mlangoni kama askari. Yeye mwenyewe amenisimulia.

"Weka chini," Hawe akamwambia. "Nimesema hayampiti."

"Onja wewe kwanza, mama."

"Mimi nionje sumu?"

"Ukifa nitakulilia."

Hawe akachukua kikombe akaonja. Akaonja tena. Kisha akakinywa hadi nusu, na Mbodze ikambidi amnyang'anye ili mtoto apate. Hawe akasema, "Haya ni machozi matupu." Mbodze akanieleza kwamba hapo ndipo alipojua ni sawa, maana maandishi yako ya picha ya saba nilikuwa nimemsomea.

Jana mama wanne wamechanganya. Bado wengi hawataki, na sitakuambia wanataka. Lakini Hawe sasa huzunguka nyumba kwa nyumba akionja vikombe vya watu, na asipoambiwa aonje hukasirika.

Mbodze ametuma salamu, na swali. Alilitazama gombo jipya mara tatu peke yake, wengine wameondoka, kisha akasimama kwenye picha ya chumvi. Akasema: "Daktari, zamani huyu mama alichota mno, lakini nilimjua anafanya nini. Sasa ametulia, kijiko kiko juu ya mkebe. Mimi nilishajifunza kwa mwanangu, sitakosea. Lakini mgeni akija leo, atajuaje kama huyu mama ameshachota au bado hajachota? Akidhani bado, si ataongeza?"

Nimemwambia nitakuuliza. Jilore wanaliulizia sanduku lao. Mgeni rasmi amepatikana.

Mpwa wako,
Kuluthumu

&nbsp;

Malindi, 30 Julai 1987

Kwa Kuluthumu, na kupitia kwako kwa Mbodze mke wa Kahonzi

Assalaam alaykum.

Mwambie Mbodze kwamba swali lake limenikalisha siku nne, na kwamba katika miaka yangu ya kusomesha ni wachache walioniweka chini kwa muda huo.

Niligeuza kiti kwa sababu hiyo uliyoidhania. Nilitaka kuona macho yanafika lini. Yanafika kila moja kwa wakati wake. Mmoja hutazama picha kabla haijapanda kutosha, mwengine hutazama mtoto wake mpaka imepita, na yule aliyekaa nyuma alikuwa akimtazama Kambi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kidole cha bati kitakachowangoja wote, na nilirudi Malindi nikiwa nimeridhika kwamba dawa ya hilo ni utulivu. Kilichotulia kinamngoja kila mtu.

Sasa Mbodze ananionyesha kwamba kilichotulia kinamngoja kila mtu, lakini hakimwambii kimefika wapi katika kazi yake. Ana haki. Nimechora mama huyu upya kwenye makaratasi, kijiko kiko juu ya mkebe, na kila nikimtazama mimi niliyemchora naona amemaliza. Nimemwonyesha Shekha. Ameona anaanza. Bi Nana ameniuliza kama mkebe una mdudu.

Nikiurudisha mwendo, mtu atauhesabu. Nikiandika "amemaliza", asiyesoma hatasoma. Nikichora mkebe uliofunikwa, mtu atasema chumvi haihitajiki. Nimefikiria kuchora picha mbili, kabla na baada, na nimeona wazi kwamba mtu atachota kwa kila picha.

Sanduku la Jilore liko mezani kwangu. Bwana Tsuma amenitumia ujumbe kwamba utepe umenunuliwa, ni wa rangi nyekundu, na kwamba Jumamosi ijayo mgeni atakuwa amekwisha kufika. Nimemjibu kwamba atangoja, na kwamba sababu yake ni mama mmoja wa Tezo. Kitambaa cha picha ya tano nimekipigilia misumari kwenye ubao, kimenyooka, cheupe. Chumvi nimeshaichora, mama nimeshamchora hadi begani. Mkono bado.

Basi mwulize, kwa niaba yangu na kwa heshima zote, yeye aliyechota mara nne na mtoto wake akabaki hai: mkono huu niuchore ndani ya chumvi, au nje yake?

Mjomba wako,
Abdulghani Msellem